Visu vimeongezeka, au wanaopekua ndio wameongezeka?

Swali: "Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule. Nimesoma habari kwamba silaha zinazokamatwa kwa wanafunzi zimepanda kwa asilimia 70 ndani ya mwaka mmoja. Habari yenyewe ilikuwa na picha ya visu na mapanga yaliyopangwa mezani. Tangu hapo wazazi hawana raha, na wapo wanaotaka tununue mashine ya kukagua vyuma getini. Je, takwimu hiyo inamaanisha watoto wetu sasa wanabeba silaha zaidi? Na nikiisoma kwenye kikao cha wazazi, nitakuwa nimesema kweli?"

Mama, kwa takwimu hiyo peke yake hakuna anayeweza kujua, na aliyeiandika habari ile naye hajui. Asilimia 70 inaweza kuwa imepigiwa hesabu vizuri kabisa, na bado isikuambie lolote kuhusu mienendo ya watoto.

Ili silaha iingie kwenye hesabu, lazima kwanza mtu awe ameibeba. Kisha mtu mwingine aitafute, aione, aamue kwamba hiyo ni silaha, na aiandike mahali. Hatua ya kwanza tu ndiyo inayomhusu mtoto. Zilizobaki zote zinamhusu askari, mwalimu au karani, na yoyote kati ya hizo ikibadilika, idadi inabadilika hata kama watoto ni walewale wenye mifuko ileile. Mvuvi akirudi na samaki mara mbili ya jana, utataka kujua ametupa nyavu mara ngapi kabla ya kusema samaki wamezaana. Habari uliyosoma imekuletea samaki, nyavu haikuzitaja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa jiji la New York, kwa sababu nyavu zilihesabiwa mahakamani. Kwa miaka mingi polisi wa jiji hilo waliwasimamisha watu barabarani na kuwapapasa juu ya nguo kutafuta silaha, vijana wa kiume wakiwa wengi. Kesi ya kupinga utaratibu huo ilipoamuliwa mwezi Agosti 2013, hesabu zote zilikuwa mezani: kuanzia Januari 2004 hadi Juni 2012, watu walisimamishwa mara milioni 4.4. Katika nusu na kidogo ya visa hivyo, asilimia 52, mtu alipapaswa. Silaha ilipatikana katika asilimia 1.5 tu ya waliopapaswa, yaani watu 3 katika kila 200. Waliosimamishwa walikuwa zaidi ya asilimia 80 watu weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini.

Sasa chukua kalamu ufanye hesabu. Asilimia 52 ya milioni 4.4 ni kama milioni 2.3; asilimia 1.5 ya hao ni silaha elfu 34 hivi. Mwandishi akipewa namba hiyo ya mwisho peke yake, ataandika kwamba silaha elfu 34 zimenaswa mitaani, na hatakuwa amedanganya. Msomaji atadhani kila kijana anayepishana naye ana kitu kiunoni. Mwandishi mwingine, kwa data ileile, ataandika kwamba watu 197 kati ya 200 waliopapaswa hawakuwa na silaha yoyote. Naye hatakuwa amedanganya. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo habari, nitasema ya pili, kwa sababu inakupa nyavu na samaki pamoja. Ya kwanza ni tangazo la kazi ya polisi lililovaa nguo za habari.

Kilichofuata hakikupata nafasi kubwa magazetini. Mwaka 2011 visa vya kusimamisha watu vilikuwa karibu 685,000. Kufikia 2014 vilikuwa vimeshuka chini ya 50,000. Wengi walitabiri damu. Mauaji jijini yalishuka 2013, na 2014 hayakupanda. Sisemi kwamba kupunguza upekuzi ndiko kulikopunguza mauaji, maana mambo mengine mengi yalikuwa yakiendelea. Ninachosema ni kwamba idadi ya silaha zinazonaswa na hatari iliyopo mitaani ni mambo mawili, na yanaweza kwenda kila moja na njia yake.

Uingereza na Wales yametokea yanayofanana na hayo. Upekuzi wa polisi barabarani ulikuwa zaidi ya mara milioni 1.2 katika mwaka wa 2010/11, ukashuka hadi chini ya 300,000 mwaka 2017/18, baada ya serikali yenyewe kutaka askari wasipekue bila sababu ya maana. Katika kipindi hicho upekuzi ulioishia kwa mtu kukamatwa ulipanda kutoka takriban asilimia 9 hadi 17. Kwa hiyo jumla ya waliokamatwa ilipungua kwa zaidi ya nusu, huku kila upekuzi mmoja ukizaa matunda karibu mara mbili. Mwandishi anaweza kuchagua mstari unaopanda au mstari unaoshuka, ategemee tu mhariri wake anataka nini siku hiyo. Na upekuzi mwingi huko hufanywa kutafuta dawa za kulevya. Kisu hupatikana njiani. Wakati huohuo, makosa ya visu yaliyoandikishwa polisi na idadi ya waliolazwa hospitali kwa kuchomwa vilianza kupanda baada ya 2014. Umeona? Upekuzi unashuka, majeraha yanapanda. Anayetazama jumla za upekuzi peke yake angelala usingizi mnono mwaka ambao alipaswa kuamka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwandishi wa habari yako ni hili: upekuzi ulifanyika mara ngapi mwaka ule, na mara ngapi mwaka huu? Kama shule za eneo hilo zilianza ukaguzi wa kushtukiza katikati ya mwaka, asilimia 70 imeshapata maelezo yake na hatuhitaji kumtafuta mtoto mbaya. Kama upekuzi haukubadilika, hapo nami nakaa vizuri kwenye kiti na kusikiliza.

Twende kwenye suala la nani aliandika nini, maana huko ndiko nilikoona vioja. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa takwimu za mwaka wa masomo wa 2015–16 zilizoonyesha kwamba shule karibu 240 zilikuwa na angalau tukio moja la kufyatuliwa risasi. Waandishi wa redio ya umma ya huko, NPR, hawakuzisoma hewani na kwenda nyumbani. Walianza kuwatafuta wahusika, shule moja baada ya nyingine. Waliweza kuthibitisha matukio 11. Shule au wilaya za elimu katika visa 161 ziliwaambia kwamba hakuna kitu kama hicho kilichotokea kwao.

Kisa cha Cleveland, mji mmoja wa Marekani, ndicho cha kukiangalia kwa karibu. Wilaya hiyo ya elimu ilionekana kuwa na shule 37 zenye matukio ya risasi. Ilipoulizwa, ikabainika kwamba 37 ilikuwa jibu la swali la jirani kwenye fomu, lililohusu kupatikana kwa kisu au bunduki. Karani alijaza namba sahihi kwenye mstari usio wake. Kisu kilichokutwa kwenye begi kikageuka risasi iliyofyatuliwa, kikapanda ngazi hadi wizarani, kikachapishwa na serikali. Hakuna aliyedanganya popote katika safari hiyo yote. Fikiria ni vyumba vingapi vya habari vingekuwa na muda wa kupiga simu mamia, badala ya kuandika tu "kwa mujibu wa wizara".

Zaidi ya makosa ya kujaza fomu, kuna tatizo la kujumlisha vitu visivyojumlishika. Habari nyingi za silaha na vijana nchini Uingereza huzaliwa hivi: mwandishi anatumia sheria ya haki ya kupata taarifa, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2005, na kuandikia vikosi vyote 43 vya polisi vya Uingereza na Wales. Baadhi havijibu. Vingine vinajibu kwa mwaka wa kalenda, vingine kwa mwaka wa fedha. Kimoja kinahesabu visu, kingine kinahesabu matukio, na tukio moja linaweza kuwa na visu vitatu. Mwaka jana vilijibu vikosi vichache, mwaka huu vimejibu vingi, jumla imepanda, kichwa cha habari kimepatikana. Hata ofisi ya takwimu ya taifa huko ililazimika kuacha nje takwimu za kikosi cha polisi cha eneo la Greater Manchester kuanzia Julai 2019, kwa sababu kikosi hicho kilibadilisha mfumo wa kompyuta na kushindwa kuwasilisha data inavyotakiwa. Ukisoma jumla ya nchi ya mwaka ule bila kujua hilo, unalinganisha nchi mbili tofauti. Habari iliyoandikwa kwa uaminifu inasema vikosi vingapi vilijibu miaka yote miwili, na inalinganisha hivyo tu.

Kisha kuna neno lenyewe, silaha. Rudi kwenye ile picha ya mezani. Nina hakika panga kubwa lilikuwa mbele. Wapiga picha hawana kosa, ndivyo picha inavyopigwa, na polisi nao hupanga meza kwa kujua hivyo. Lakini orodha kamili ya vitu vilivyokamatwa shuleni kwa kawaida ina wembe, mkasi, bisibisi, kisu cha kumenyea matunda, bastola ya plastiki, na pengine bikari ya hesabu iliyotumiwa kumtishia mwenzake. Baadhi ya vitu hivyo si kosa kisheria nje ya geti. Uingereza kwa mfano, sheria ya 1988 inayokataza kubeba vyenye makali hadharani inaviacha visu vya mfukoni vinavyokunjwa ambavyo makali yake hayazidi inchi 3. Shule inaweza kukikataza kisu hichohicho kwa kanuni zake, ikakinyang'anya na kukiandika. Takwimu za shule na za polisi zikiwekwa kapu moja, humo kuna makosa ya jinai na makosa ya nidhamu yamechanganyika.

Sheria nayo husogea. Tarehe 24 Septemba 2024 visu vikubwa vya mtindo wa "zombi", vile vyenye umbo la kutisha kama vya sinemani, vilipigwa marufuku Uingereza na Wales hata kuwekwa nyumbani, na kabla ya hapo watu walipewa wiki kadhaa za kuvisalimisha. Kitu ambacho jana kilikuwa pambo la ukutani leo ni silaha haramu. Idadi inaweza kupanda bila kiwanda kutengeneza kisu kimoja zaidi. Na vile vilivyosalimishwa kwa hiari mara nyingi huingizwa kwenye sentensi moja na vilivyokamatwa, chini ya msemo wa "kuondolewa mitaani". Kisu kilichotolewa kabatini na baba wa mtu hakikuwa mtaani.

Asilimia zenyewe sitakaa nazo sana, kwa kuwa unajua hesabu. Tuseme mwaka ule vilikamatwa vitu 10 na mwaka huu 17. Hiyo ni asilimia 70 kamili. Tuseme tena vilikuwa 1,000 vikawa 1,700. Nayo ni asilimia 70. Habari inayotoa asilimia bila kutaja imetoka ngapi kufika ngapi, na kati ya wanafunzi wangapi, iache pale ilipo. Vilevile tahadhari na habari inayompeleka mbele mtoto mdogo kuliko wote, yule wa miaka sita aliyekutwa na kisu. Uingereza na Wales mtoto chini ya miaka 10 hawezi hata kushtakiwa kwa jinai. Mtoto wa umri huo mwenye kisu cha jikoni begini ni suala la ustawi wa jamii, kwamba nyumbani kuna nini. Kumtumia kama kipimo cha uhalifu wa vijana ni kumwonea.

Utaniuliza, basi tupime kwa nini? Vipo vipimo vizuri zaidi, ila havina picha. Kimoja ni kuwauliza vijana wenyewe, kwa karatasi isiyo na jina. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kimekuwa kikiwauliza wanafunzi wa sekondari tangu 1991, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, iwapo walibeba bunduki, kisu au rungu katika siku 30 zilizopita. Mwaka 1991 waliokubali walikuwa asilimia 26.1, mwaka 2019 walikuwa asilimia 13.2. Waliobeba ndani ya maeneo ya shule walikuwa asilimia 11.8 mwaka 1993, na asilimia 2.8 mwaka 2019. Ni kushuka kukubwa sana, tena katika nchi ambayo habari zake za silaha shuleni zimetapakaa dunia nzima katika miaka hiyohiyo. Vijana wanaweza kudanganya kwenye karatasi, ndiyo. Lakini hakuna sababu ya kuamini kwamba wa 2019 walikuwa waongo mara nne kuliko wa 1993.

Kipimo kingine ni hospitali. Daktari anayeshona jeraha hana haja ya kujua kama polisi waliongeza doria, na jeraha halisubiri kupekuliwa ndipo lionekane. Kwa maoni yangu, hospitali na dodoso la siri vinakupa picha iliyo karibu na ukweli, na idadi ya silaha zilizokamatwa inakuja mkiani. Ila hiyo ya mkiani ndiyo inayoletwa mlangoni kwa mwandishi bure, ikiwa imeshaandikwa, pamoja na picha. Mwandishi mwenye habari nne za kumaliza kabla ya jioni ataichukua. Simlaumu sana, namlaumu mhariri asiyemrudishia.

Angalia pia nani anatoa namba na anataka nini. Kikosi cha polisi kinachoomba bajeti hakipati hasara namba ikipanda, kwani inaonyesha kazi imefanyika. Mwalimu mkuu anayeogopa shule yake kutajwa gazetini ana kila sababu ya kumnyang'anya mtoto kisu, kumwita mzazi, na kuyamaliza humo ofisini bila kuandika. Sheria kali huongeza kishawishi hicho: tangu 1994 majimbo ya Marekani yanayopokea fedha za shirikisho za elimu yanatakiwa kuwa na sheria ya kumfukuza kwa angalau mwaka mmoja mwanafunzi anayeleta bunduki shuleni. Adhabu ikiwa nzito kiasi hicho, anayeandika ripoti hufikiri mara mbili. Shule yenye namba ndogo inaweza kuwa salama, au inaweza kuwa na kalamu nzito.

Nisieleweke kwamba nasema hakuna tatizo. Kisu kimoja kinatosha kumwua mtoto mmoja. Lakini habari za kutia hofu nazo zina matokeo. Vijana wanaobeba visu wakiulizwa kwa nini, mara nyingi hujibu kwamba ni kwa kujilinda, kwa kuwa wanaamini wenzao wote wanabeba. Na imani hiyo wanaipata wapi? Mwanao naye ameiona picha ile ya mezani, pengine kabla yako.

Kuhusu mashine ya getini, sina ubishi na wanaoitaka, ila wajue itawafanyia nini kwenye hesabu. Mwaka wa kwanza idadi ya vitu vitakavyokamatwa itapanda, karibu bila shaka, maana sasa kila begi linapita. Mtu wa gazeti akija wakati huo, shule yenu ndiyo itakuwa kichwa cha habari. Mwaka wa pili inaweza kushuka, ama kwa sababu watoto wameacha, ama kwa sababu wamejifunza kuficha kitu nje ya uzio na kukichukua wakitoka. Mashine haitawaambia lipi kati ya hayo mawili. Kama mtainunua, anzeni kabla yake na dodoso la siri kwa wanafunzi, mlirudie baada ya mwaka, na mwandike kila mwezi ni wangapi wamekaguliwa, pamoja na vilivyopatikana. Bila hivyo mtakuwa mmenunua kiwanda cha takwimu.

Swali lako la pili: ukiisoma ile asilimia 70 kikaoni kama ilivyo, hutakuwa umesema uongo, lakini wazazi wataondoka na uongo. Mimi ningesema hivi: "Gazeti limeandika kwamba silaha zinazokamatwa zimepanda kwa asilimia 70. Halikusema zilikuwa ngapi, wala upekuzi ulifanyika mara ngapi katika miaka hiyo miwili. Tumeliandikia kuuliza. Kwa shule yetu, hivi ndivyo vilivyokamatwa mwaka jana na mwaka huu." Kisha fungua daftari la nidhamu, ambalo utakuwa umeliomba kwa mwalimu mkuu siku chache kabla, usome kitu kimoja kimoja kwa jina lake: wembe, mkasi, kisu cha matunda, na kilikutwa wapi. Majina ya watoto usiyasome.